Hati ya marehemu baba haionekani, mnunuzi anangoja

Swali: Shikamoo wakili. Baba yetu alifariki mwaka 2021 akaacha nyumba Ngamiani, Tanga. Tuko watoto watano, wa mama wawili, na mama yangu mzazi yu hai, anaishi humo humo. Tumekubaliana tuuze tugawane. Mnunuzi amepatikana, ana fedha taslimu, lakini hati ya nyumba haionekani. Tumepekua sanduku la baba, kabati, mpaka darini, hakuna. Kaka yetu wa baba mmoja, aliyemuuguza baba miezi ya mwisho, anasema hajui ilipo, ingawa siku moja alitamka kwamba nyumba hii haiuziki kwa sababu hati haitaonekana. Dalali anasema tusijisumbue, twende kwa mwenyekiti wa serikali ya mtaa tuandikishane mbele ya mashahidi, mnunuzi atahangaika na hati mwenyewe. Mgawo shehe ameshatuandikia. Dada yetu mmoja yuko Muscat, haji mpaka mwakani. Tufanyeje, na itachukua muda gani?

Jibu: Marahaba. Nianze na linalowakosesha usingizi: nyumba haijapotea. Kilichopotea, kama kweli kimepotea, ni karatasi. Hati mliyoitafuta darini ni nakala ya mmiliki. Nakala nyingine ilibaki serikalini siku baba yenu alipokabidhiwa yake, na jina lake limeandikwa katika daftari la Msajili wa Hati. Hati ikiibwa, ikiungua, ikitafunwa na mchwa, jina lililomo kwenye daftari haliguswi. Sheria ya Usajili wa Ardhi, Sura ya 334, imeweka njia ya kutoa hati nyingine badala ya iliyopotea, na njia hiyo watu wanaipita kila siku. Fungua Gazeti la Serikali, lile linalotoka Ijumaa, utakuta matangazo ya wenzako.

La pili halifurahishi. Hata hati ingeonekana leo jioni chini ya godoro, kesho msingeweza kuuza. Mwenye nyumba amefariki, na katika yote uliyoniandikia sijaona popote maneno "msimamizi wa mirathi", yaani mtu aliyepewa na mahakama mamlaka ya kushughulikia mali ya marehemu. Mmehangaikia karatasi, kumbe hata mtu wa kutia saini hamna.

La tatu umelipitisha katikati ya maelezo kama kokoto kwenye mchele: kaka alitamka kwamba hati haitaonekana. Mtu asiyejua kitu kilipo husema "sijakiona". Hasemi "hakitaonekana". Sidai kwamba anayo. Simjui, na maneno ya msibani yana hasira zake. Lakini hapo ndipo jambo lenu lote linapoegemea, kwa sababu hati iliyofichwa si hati iliyopotea. Anayeomba hati mpya anaapa mbele ya kamishna wa viapo kwamba ya zamani imepotea. Ukiapa hivyo huku unajua, au una sababu nzuri ya kuamini, kwamba iko kwenye begi la fulani, umeapa uongo, na kuapa uongo ni kosa la jinai. Zaidi ya hapo, hati mpya inayopatikana kwa njia hiyo inaweza kupingwa mahakamani, na mnunuzi wenu akabaki na kesi badala ya nyumba.

Kwa hiyo msikimbilie polisi kwanza. Anzeni na upekuzi kwenye ofisi ya ardhi, ule ambao madalali wanauita sachi. Unaandika maombi, unalipa ada ndogo kwa namba ya malipo ya Serikali, na Msajili anakupa majibu ya maandishi: kiwanja hiki kinamilikiwa na nani, kwa muda gani kuanzia lini, kina rehani au hakina, kina zuio la mtu au hakina. Upekuzi hauhitaji msimamizi wala ridhaa ya kaka. Unachohitaji ni namba. Hati ya Tanzania Bara hutambulika kwa namba ya hati yenyewe, namba ya L.O. ambayo ni namba ya faili la ofisi ya ardhi, na namba ya kiwanja na kitalu. Mkiwa na namba ya kiwanja na kitalu inatosha kuanzia.

Mtaitoa wapi bila hati? Tafuteni stakabadhi za kodi ya pango la ardhi. Wazee wengi walikuwa wanazitunza kuliko hata picha za harusi. Kama hazipo, angalieni kibali cha ujenzi cha zamani, barua za halmashauri, au karatasi za mkopo. Zikikosekana zote, muulize jirani wa ukuta kwa ukuta namba ya kiwanja chake, maana viwanja vya Ngamiani vilipimwa kwa mistari kama barabara zake zilivyopewa namba, na kutoka kwa jirani afisa mpima atakipata chenu kwenye ramani. Msiniletee risiti za LUKU, yaani za umeme wa kulipia kabla. Ni kweli tangu mwaka 2021 kodi ya majengo inakatwa kwenye umeme, na watu wameanza kuonyesha risiti za LUKU kama ushahidi wa umiliki. Hata mpangaji ananunua umeme.

Siku hizi ofisi ya ardhi ya mkoa iko hapo hapo Tanga. Zamani hati za mkoa wenu zilisajiliwa Moshi, kwenye Kanda ya Kaskazini, kwa hiyo mkiambiwa faili la zamani linafuatiliwa huko msidhani mnazungushwa.

Sasa majibu ya upekuzi. Yanaweza kuja kwa sura kadhaa, na kila sura ina dawa yake.

Huenda mkaambiwa hati ilikamilika miaka mingi na haikuchukuliwa. Msicheke. Wizara imelalamika mara nyingi kwamba hati zimerundikana kwenye ofisi zake, wenyewe hawaji. Mzee alilipia, akaambiwa arudi baada ya muda, akarudi mara mbili, ya tatu akaona nauli inamshinda. Watoto wamekua wakisikia "hati ya baba", na kumbe baba mwenyewe hakuwahi kuishika.

Huenda mkakuta hakuna hati kabisa, iliyopo ni ofa, yaani barua ya toleo. Barua hiyo ilikuwa hatua ya kwanza ya kumilikishwa, na wazee wengi waliishia hapo, wakaiita hati mpaka wanaingia kaburini. Ikiwa ndivyo, hakuna hati ya kutangazia kupotea. Msimamizi ataomba hati ya kwanza kwa kutegemea nakala ya ofa iliyomo kwenye faili, na atalipa madeni ya kodi ya pango yaliyolala.

Angalieni pia tarehe. Hati zetu hutolewa kwa miaka 33, 66 au 99, si milele. Hati ya miaka 33 iliyoanza mwaka 1985 muda wake uliisha 2018. Ikiwa ya baba imeisha, msipoteze miezi kutangaza kupotea kwa karatasi iliyokwisha nguvu. Ombeni umiliki mpya. Nimeona familia ikipita njia yote ya tangazo, ikapewa nakala safi ya hati iliyokwisha muda. Fedha ile ilikwenda na maji.

Halafu kuna rehani. Hapa nitakaa kidogo, kwa sababu ndiyo sababu ya kawaida kuliko zote ya hati kutoonekana nyumbani. Anayekopa benki kwa nyumba huacha hati benki. Akimaliza deni anatakiwa aende akachukue hati pamoja na waraka wa kufuta rehani, aupeleke kwa Msajili, rehani ifutwe kwenye daftari. Wengi humaliza deni na kusahau mengine yote. Daftari litaendelea kuonyesha rehani ya mkopo uliolipwa miaka ishirini iliyopita, na hati iko kwenye kabati la chuma la benki, salama salimini. Ikiwa deni bado lipo, litalipwa kabla warithi hawajagusa kitu, lakini msikubali haraka kiasi mnachotajiwa. Ulizeni kama mkopo ulikuwa na bima ya maisha, maana mikopo mingi huwa nayo, na bima ingepaswa kumaliza deni baba alipofariki. Benki haitakuja mlangoni kuwakumbusha.

Upekuzi ukija safi, jina la baba, muda haujaisha, hakuna rehani wala zuio, basi hati ama imepotea ama iko mikononi mwa mtu. Na mikono ni mingi. Vyama vya kuweka na kukopa huchukua hati bila kuandikisha rehani. Wakopeshaji wa mtaani ndiyo kabisa. Mawakili hukaa na hati za wateja waliofariki. Na mahakama. Niliwahi kumshughulikia mjane mmoja, kiapo cha upotevu tumeshakiandika, bado saini tu. Nikamuuliza swali ninalowauliza wote: marehemu aliwahi kumdhamini mtu? Alinyamaza kwanza. Kisha akasema kulikuwa na mpwa wake, alishtakiwa, lakini kesi ilikwisha zamani. Hati tuliikuta kwenye faili la kesi ile, imebanwa kwa pini iliyoota kutu. Muulizeni mama yako swali hilo hilo, na muulizeni peke yake, kaka asiwepo. Wake zetu wanajua mengi ambayo wameombwa wasiyaseme.

Tuje kwa msimamizi, maana hili halina njia ya mkato. Mgawo wa shehe ni mwema na pengine uko sahihi kifiqhi: mama yako ana thumni yake, yaani moja ya nane, kwa kuwa marehemu ameacha watoto, na mtoto wa kiume anapata fungu la watoto wawili wa kike. Hakikisheni tu kama mama yake kaka alikuwa bado kwenye ndoa baba alipofariki, kwa sababu hapo thumni ni moja na wajane ni wawili, wanagawana. Ila karatasi ya shehe haimpi mtu mamlaka mbele ya Msajili. Kwa Tanzania Bara, anayemteua msimamizi ni mahakama, na kwa mirathi inayofuata sheria ya Kiislamu au mila, hiyo ni Mahakama ya Mwanzo ya mahali marehemu alipokuwa akiishi.

Mnakaa kikao cha familia, mnapendekeza jina, mnaandika muhtasari na kila mmoja anasaini. Mnachukua cheti cha kifo cha RITA, wakala wa Serikali wa usajili wa vizazi na vifo. Kile kibali cha mazishi mlichopewa 2021 si cheti. Mnajaza Fomu Namba I mahakamani, mahakama inatangaza ili mwenye pingamizi ajitokeze, na asipojitokeza, au akijitokeza akashindwa, msimamizi anapewa Fomu Namba IV. Hiyo ndiyo inayofungua milango ya ofisi zote. Ndani ya miezi minne anatakiwa arudishe Fomu Namba V, ambayo ni orodha ya mali, na Namba VI, ambayo ni hesabu. Wasimamizi wengi husahau hizi mbili, kisha warithi wakigombana wanashangaa kuitwa mahakamani kujieleza.

Tazameni majina. Cheti cha kifo kikisema Omari Saidi Mwinyihaji na hati ikasema Omari Saidi, Msajili ana haki ya kuuliza kama ni mtu mmoja. Hilo hurekebishwa kwa kiapo cha majina, na ni jepesi likifanywa mapema. Likigunduliwa mnunuzi ameshakaa kwenye kiti, linakuwa mlima.

Kuhusu kaka, wengine watawashauri mumfanye msimamizi mwenza ili alainike. Mimi zamani nilikuwa nashauri hivyo. Siku hizi sishauri, kwa sababu wasimamizi wawili lazima wasaini wote wawili, na mtu anayeweza kuficha karatasi anaweza pia kuficha kalamu. Mteueni anayeaminika na pande zote mbili za mama, hata akiwa mdogo kwa umri.

Lakini kabla hamjafika mahakamani, kaeni naye. Huyu ndiye aliyemgeuza baba kitandani usiku. Huenda alitumia fedha zake za dawa na hakuna aliyemwambia ahsante, sasa anaona watu wanagawana. Gharama za kumuuguza marehemu, zikiwa na ushahidi, zinaweza kuletwa kama deni la mirathi. Mwambieni hivyo waziwazi. Kisha mwombeni kwa heshima aende kwa wakili yeyote amtakaye, aandike kiapo kwamba hana hati wala hajui ilipo. Mkweli atasaini. Asiye mkweli ataanza kuuliza fungu lake litakuwa shilingi ngapi, na hapo mtakuwa mmejua mnazungumza na nani. Kiapo chake kina faida mbili: kama ni kweli, kinaimarisha maombi yenu kwa Msajili, kama ni uongo, amejifunga mwenyewe. Akikataa kuapa na kukataa kutoa, msimamizi akishateuliwa ataiomba mahakama iliyomteua imwite kaka aeleze, na imwamuru akabidhi mali ya marehemu, na hati ni sehemu ya mali hiyo.

Ikithibitika kwamba imepotea kweli, njia ni hii. Msimamizi anachukua taarifa ya upotevu polisi, ambayo sasa hupatikana hata kwa mtandao. Anaapa kiapo kinachoeleza hati ilikuwa ya nani, ilionekana mwisho lini, imetafutwa wapi, na kwamba haikuwekwa dhamana popote. Anaviambatisha na Fomu Namba IV na majibu ya upekuzi, anaomba kwa Msajili na kulipa ada. Msajili akiridhika anatoa tangazo katika Gazeti la Serikali. Yote yana sauti moja: kichwa kinasema kupotea kwa hati ya kumiliki ardhi, kisha namba ya hati, mmiliki aliyeandikishwa, ardhi na mwombaji, halafu Msajili anaeleza kuwa anakusudia kutoa hati mpya iwapo hakuna kipingamizi kwa muda wa mwezi mmoja tangu tarehe ya tangazo, na hati ya asili ikionekana irudishwe kwake. Anaweza pia kuwataka mtangaze kwenye gazeti la kawaida.

Mwezi huo mmoja si urasimu wa bure. Umewekwa kwa ajili ya mkopeshaji aliyekalia hati ya mtu, au mnunuzi wa kwanza aliyelipa na bado hajahamisha, au kaka kama wenu. Kwa hiyo mnunuzi wenu akisikia hati "imepotea" na akaingia wasiwasi, msimchukie. Wasiwasi wake ni wa haki. Wapo waliouziwa nyumba ambayo hati yake "iliyopotea" ilikuwa rehani Kariakoo.

Maombi ya hati mpya na yale ya kumwandikisha msimamizi mahali pa marehemu kwenye daftari huenda sambamba, mwulizeni afisa aanze na lipi. Baada ya hapo ndipo kunakuwa na kitu cha kuuza. Mauziano yenyewe yana fomu zake za ardhi, namba 29, 30 na 35, ripoti ya mthamini, malipo ya pango yasiyo na deni, na TRA, yaani mamlaka ya mapato. Kodi ya ongezeko la mtaji kwa mkazi imekuwa asilimia 10 ya faida, na bila karatasi ya TRA Msajili hahamishi. Kwa hiyo risiti za ukarabati wa nyumba msizitupe, zinapunguza faida inayohesabiwa. Ushuru wa stempu, kama asilimia 1 ya thamani, kwa kawaida humwangukia mnunuzi, lakini andikeni kwenye mkataba nani analipa nini. Ugomvi wa mwisho siku ya mwisho huwa hapo.

Dalali wako sasa. Mwenyekiti wa serikali ya mtaa ni mtu muhimu, anawajua wakazi, barua yake mtaihitaji mahakamani. Lakini hana mamlaka ya kuhamisha kiwanja kilichosajiliwa. Chini ya Sura ya 334 mauziano yasiyosajiliwa hayahamishi umiliki, hata yakiwa na mihuri mitano na mashahidi kumi. Karatasi ile inatosha kwa watu ambao eneo lao halijapimwa, na hata kwao ni kwa kukosa jingine. Kwenu nyie maana yake ni kwamba mtu asiye na mamlaka amemuuzia mtu asiyepata kitu, mbele ya mtu asiyehusika. Kaka akienda mahakamani wiki inayofuata, mnunuzi atadai fedha zake, na fedha zitakuwa zimeshagawanywa. Tena angalieni bei: anayenunua bila hati hulipa bei ya bila hati. Dalali hajali, yeye asilimia yake anaichukua siku ile ile. Na kama mtadaiwa asilimia 10 ya mtaa, ulizeni ni sheria gani inayoidai. Mimi sijaiona.

Mnunuzi mnaweza kumshika bila kumdanganya. Mwonyesheni majibu ya upekuzi. Yakiwa safi, yatamtuliza kuliko maneno ya dalali. Kabla msimamizi hajateuliwa msiandikishane chochote wala msipokee hata shilingi ya kishika uchumba. Akishateuliwa, msimamizi anaweza kusaini mkataba wenye sharti: bei imefungwa, malipo ya awali yanakaa kwa wakili, hayaguswi mpaka hati mpya itoke, na isipotoka kwa tarehe fulani malipo yanarudi yote. Wakili wa mnunuzi anaweza kuweka kaveati, yaani zuio, kwenye daftari ili msiuze pembeni, mruhusuni, haiwadhuru. Akisema hawezi kungoja, mwacheni aende. Nyumba ya Ngamiani yenye hati haikosi mtu.

Dada wa Muscat hahitaji kupanda ndege. Ridhaa yake, au hati ya uwakilishi kama mnataka mtu amsainie, aisaini mbele ya Ubalozi wa Tanzania hapo Muscat, igongwe muhuri, itumwe nakala halisi. Picha ya WhatsApp Msajili haipokei. Ikiwa hati ya uwakilishi inahusu ardhi, nayo inaandikishwa kwa Msajili. Aanze sasa, kwa sababu karatasi za ng'ambo ndizo zinazochelewesha kuliko zote.

Umeuliza muda. Watu wa Tanga mna msemo wenu wa waja leo waondoka leo, lakini hili si la hivyo. Mirathi isiyo na pingamizi, hesabu miezi mitatu hadi minne. Hati mpya, kwa niliyoyaona, mitatu hadi sita tangu maombi yapokelewe. Uhamisho mwezi mmoja au miwili. Mnaweza kuyabana yakapishana, lakini mwambieni mnunuzi mwaka mmoja, mkimaliza mapema atafurahi. Kaka akipinga, hesabu hiyo haipo tena.

Wasomaji wa Mombasa na Malindi wasilichukue jibu hili zima zima. Kenya ina Sheria ya Usajili wa Ardhi ya mwaka 2012, ambayo kwa hati iliyopotea inataka tamko la kiapo, tangazo kwenye Gazeti la Serikali na magazeti mawili ya nchi nzima, na kungoja siku 60. Zanzibar nako kuna sheria zake.

Wewe anza Jumatatu na ofisi ya ardhi ya mkoa. Beba kitambulisho, nakala ya kibali cha mazishi kama cheti bado, na stakabadhi yoyote ya kodi ya pango, hata kama mende wamekula nusu yake, mradi namba ya kiwanja inasomeka.